Siti ya Dirishani

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Huku hatujambo. Cherehani imepata mkanda mpya, na jirani yetu muuza maziwa bado anabishana na redio.

Nina la kuungama. Miaka sita unaniita nije, na miaka sita nakupa visingizio: mara sare za shule, mara cherehani mbovu. Uongo mtupu! Kwamba nilizaliwa na mgongo wazi unajua. Usilolijua ni kwamba choo kilikuwa kinanitoka bila hodi. Popote nilipoingia, nilikaa karibu na mlango. Safari ya basi ya muda wa saa nane ningeiwezaje?

Basi nimefanyiwa upasuaji. Daktari alinipa njia mbili: kuvaa mfuko wa choo tumboni, au kutobolewa kitundu karibu na kitovu, kwa kutumia kidole tumbo, kile kijiutumbo kilichoshikana na utumbo mpana. Nikachagua kitundu. Kinafanana na tundu la kifungo, na matundu hayo ndiyo kazi yangu. Kila jioni napitisha humo maji ya kusafisha utumbo kwa mrija, nakaa chooni kama saa nzima, kisha nakuwa mkavu hadi kesho yake. Mwanzoni tumbo lilinisokota, na mara mbili nilichafuka nikalia. Sasa ni wiki ya tano sijachafuka.

Jana nilikwenda kukata tiketi ya basi. Karani akayaona magongo yangu, akaniuliza kwa huruma, "Dada, nikuweke mlangoni?"

"Niweke dirishani, kaka," nikamwambia, "na hapo pembeni yangu mkalishe mtu mnene."

Ijumaa nitakupima gauni mwenyewe.

Mwanao,
Fundi