Sayari ya Mawe Imegeuzwa Jehanamu

Jumamosi, Bunju. Joto halivumiliki, umeme umekatika, na mimi nimekasirika mpaka chakula hakipiti.

Leo ilikuwa siku ya wazazi shuleni. Wiki nzima nilimwandaa Rehema wa kidato cha tatu aelezee sayari moja ya mawe iliyo mbali kabisa, inayozunguka nyota yake kwa karibu mno. Upande mmoja unaitazama nyota daima, haujui usiku. Huko huenda mwamba wenyewe umeyeyuka, umekuwa bahari ya uji wa moto. Upande wa pili ni giza siku zote, na pengine baridi kali. Kama kuna hewa, wanasayansi bado wanabishana. Rehema aliyasema yote bila karatasi. Nilitaka kulia kwa furaha.

Furaha yenyewe haikudumu.

Baada yake tu ikafuata dua ya kufunga, na kwetu hakuna mkutano unaofungwa bila mchungaji na sheikh. Mchungaji akashika kipaza sauti: "Mmesikia wenyewe! Moto upo, na giza la nje lipo!" Sheikh, ambaye yeye na mchungaji hata kuhusu sauti ya spika huwa hawakubaliani, akapokea: "Mwenzangu kamaliza. Wanangu, swalini." Ukumbi mzima ukaitikia amina. Mama mmoja akaanza kulia.

Nikanyoosha mkono nifafanue. Mkuu wa shule akanionyesha kwa macho nikae. Nikakaa!

Kisha akaja baba yake Rehema, Mzee Salum. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwalimu. Nakuheshimu sana, ila mwanangu atoke kwenye hiyo klabu yako ya anga. Sikumleta shule aje asomee Jehanamu."

Rehema alikuwa pembeni, anaangalia viatu vyake. Na huyu ndiye huniuliza maswali mpaka natamani kengele ilie. Wenzake wanakuja klabu kwa ajili ya biskuti.

Jehanamu gani jamani? Kule hakuna mwenye dhambi wala mwema. Ni mawe na nyota tu! Hayo yote nilikuwa nayo mdomoni, nikaishia kusema, "Sawa, mzee." Najichukia kwa hiyo sawa.

Kesho nakwenda Kunduchi. Mzee Salum anakaanga samaki pale sokoni, na Jumapili Rehema humsaidia. Namjua akiwa kazini: anasimama juu ya karai la mafuta yanayochemka, anageuza vibua huku anapiga soga na wateja, wala hana habari na moto. Nitamwamkia, nile samaki wake, kisha nimuulize: mzee, moto huu uliacha kuuogopa kwa kuukimbia, au kwa kuusogelea ukaujua?

Halafu nimwache anijibu huku Rehema anasikia.