Ndosi Hakuvuka Bendera

Kumbukumbu ya Mthokozisi Cele, kutoka kwa familia yake

Mwaka umezunguka, Ndosi, tangu asubuhi ile ulipotoka nyumbani na kamera yako begani, ukamwambia MaShozi akuwekee chai kwenye chupa, ukashuka ufukweni Mthwazi, na hukurudi kuinywa.

Jina lako ni Mthokozisi, lakini ufukwe mzima ulikuita Ndosi, jina la heshima la ukoo wa kina Cele. Hata Wazungu wa chama cha mbio za boti, ambao majina yetu huwapinda ulimi, hilo walilimudu. Hapa nyumbani ulikuwa mume wa Nonjabulo, binti wa kina Shozi, ambaye sote tunamwita MaShozi. Na ulikuwa baba yake Lwandle.

Ulianza kwa kupiga picha za wageni wa sikukuu, wale wanaoshuka kutoka bara kila mwaka mpya na chupa zao tupu ili warudi na maji ya bahari kwa ajili ya baraka. Mabibi wengi waliogopa mawimbi, ukawachotea wewe.

"Bibi, nipe chupa. Wewe kazi yako tabasamu tu."

"Chota mbele huko, mjukuu wangu! Hapa pana miguu ya watu!"

Ulikwenda mbele huko, maji ya kifuani, ukarudi na chupa imejaa, na bibi akapigwa picha ameikumbatia kama mtoto mchanga. Picha hizo ziko kwenye kuta za nyumba ambazo hatutaingia maisha yetu yote.

Kwa MaShozi hukuchoka. Siku za masomo yake ya jioni ulimsubiri nje ya darasa, umetoka majini moja kwa moja, viti vya gari vimelowa chumvi.

"Msomi wangu, leo umejifunza nini?"

"Nimejifunza kubeba gazeti la kukalia."

Alilalamika hivyo kila safari, na gazeti akalisahau kila safari.

Kisha zikaja mbio, nazo zikakuteka. Boti za mpira zenye injini kubwa nyuma, watu wawili ndani: nahodha amepiga magoti ameshika injini, mwenzake amelala mbele na kamba mkononi, akijitupa huku na huku ili wimbi lisiwapindue. Wapiga picha wengine walibaki mchangani na lenzi ndefu kama mabomba. Wewe uliingia majini, kamera ndani ya kasha lake, ukasimama pale pale mawimbi yanapovunjika, kati ya maboya mawili yenye bendera za rangi ya chungwa. Hapo ndipo wapiga picha waliporuhusiwa. Ndiyo maana boti kwenye picha zako zilikuwa kama zinamrukia mtu usoni.

Na majini hukuweka jicho kwenye kamera. Hili tunalisema polepole ili kila mtu alisikie. Ulishika kasha kifuani, ukabonyeza kwa kidole gumba, macho yote mawili yakiwa kwenye maji. "Ukichungulia humo," ulimwambia MaShozi, "bahari yote inakuwa kama dirisha la choo. Kinachokuja pembeni hukioni." Uliwafundisha hivyo hivyo wote waliotaka kujifunza, na aliyekaidi ulimtoa majini kwa kumshika sikio.

Siku ile boti zilikuwa zinarudi ufukweni. Sheria ya kurudi inajulikana na kila aliyewahi kushika injini hapa Mthwazi. Ukitoka, ruka mawimbi upendavyo, mbele yako ni bahari tupu. Ukirudi, unakaa mgongoni mwa wimbi na kulifuata mpaka life mchangani. Hulivuki, kwa sababu ng'ambo yake huoni kitu, na ng'ambo yake kuna watu. Boti iliyotangulia ilitii. Ya pili, ya nahodha Dewald, ilikosa subira. Ilichepuka kushoto, ikaongezwa moto, ikaruka juu ya wimbi ili ipite. Ng'ambo ya wimbi palikuwa na bendera mbili, na wewe katikati yake. Kuona, uliiona. Boti iliyo hewani haimpi mtu nafasi ya kuhama.

Kabla mwili wako haujafika nyumbani, chama kilikuwa kimeshasema. Eti ulizama kwenye kamera. Eti ulivuka bendera ukifuata picha. Mwenyekiti wao, Bwana Lourens, alilisema redioni kwa sauti ya huzuni, na sauti ya huzuni watu huiamini.

Nani angemjibu? MaShozi alikuwa ameshavishwa nyeusi. Mjane mwenye nguo nyeusi hasimami mbele ya mkutano, hapandishi sauti, haendi penye muziki na vicheko, na jua likizama awe ndani. Walilijua hilo. Wamekaa nasi miaka yote hii, wamekula kwenye misiba yetu. Mwaka mzima wao walisema na yeye akanyamaza, na kila aliponyamaza uongo wao ukanenepa. Watu walimwambia avue mapema, siku hizi wengi huvua. Alisema hawezi kukufupishia heshima yako kwa sababu ya mdomo wa Lourens.

Alikwenda chamani mama yako, MaNgcobo. Wakampa kiti, chai, biskuti, na kofia yenye jina la wadhamini.

"Tunauelewa uchungu wako, Mama."

"Uchungu wangu sikuwaletea ninyi. Nimewaletea swali."

Alirudi na swali lake vile vile. Kofia aliiacha kwenye sahani ya biskuti.

Halafu likaja bango la kutangaza mbio. Ndosi, walichukua picha yako ya mwisho! Kadi ya kamera yako walikaa nayo, wakasema ni kwa uchunguzi, kumbe wanachagua. Sasa imebandikwa vituo vya mafuta, madukani, hata kwenye geti la chekechea ya Lwandle: boti ya Dewald hewani, tumbo lote nje, wimbi chini yake. Kadi walipoirudisha, picha nzima tukabaki nayo sisi. Ina boya lenye bendera kushoto na boya lenye bendera kulia, na yeyote mwenye macho anaona kwamba aliyeipiga amesimama katikati. Ya bango wameikata pande zote mbili. Bendera zilipokuwa, pameandikwa jina la kinywaji. Watu wanasimama pale wanasema, "Aisee, boti hiyo!" Hakuna anayejiuliza mbele ya boti hiyo alikuwa amesimama nani.

Siku moja Lwandle alirudi kutoka chekechea akauliza, "Mama, kwa nini Baba hakuangalia?"

Ana miaka mitano. Swali hilo hakulitunga yeye. MaShozi aliinama akamfunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimelegea, akazifunga tena, ndipo akajibu. "Aliangalia, mwanangu. Nikivua hizi nguo nitakwenda kuwaambia."

Jumamosi iliyopita wazee wa ukoo walimvua nguo nyeusi. Jumapili ilikuwa mbio. Alivaa lile gauni la manjano ulilokuwa ukimwambia linawasha taa mchana, akamshika Lwandle mkono, na MaNgcobo akafuata.

Walimpokea kwa bashasha, maana walikuwa na mpango wao. Kuna kombe jipya, wamelipa jina lako, na mjane ndiye wa kulikabidhi. Manahodha na wenzao walikuwa wamesimama duara mchangani kwa mkutano wa asubuhi, suti za mpira mwilini, helmeti kwapani. Bwana Lourens akashika maiki, spika zikaipeleka sauti yake ufukwe mzima.

"Leo tunamkumbuka Ndosi wetu, mtu aliyependa picha kuliko maisha yake!"

Wakapiga makofi. Ndosi, walipiga makofi.

MaShozi akanyoosha mkono, wakampa maiki. Walidhani anataka kushukuru.

"Mume wangu hakupenda picha kuliko maisha yake," alisema. "Alikuwa na mke. Alikuwa na mtoto huyu hapa. Alikuwa na mambo yake ya kesho. Naomba mnisaidie kitu kimoja, ninyi mnaoijua kazi. Mtu akirudi ufukweni, anakaa wapi na wimbi?"

Wanaume wazima, wenye ndevu zao, wakaanza kutazama vidole vyao vya miguu.

"Nyuma yake," ikasema sauti ya msichana. Alikuwa Kerisha Moodley, yule anayelala mbele kwenye boti ya Dewald.

"Na kulivuka?"

"Hairuhusiwi, Anti."

"Siku ile nani alivuka?"

"Dada Nonjabulo," Bwana Lourens akaingilia, mkono tayari umeshafika kwenye maiki, "leo ni siku ya furaha. Kuna familia zimetoka mbali."

"Na mimi ni familia," akasema MaNgcobo, "na magoti yangu yametoka mbali kuliko wote. Mwache aseme."

"Kerisha, funga mdomo," Dewald alisema, meno hayakuachana.

"Nimeufunga mwaka mzima," Kerisha akamjibu. Akamgeukia MaShozi. "Tulivuka sisi, Anti. Mimi ndiye niliyepiga kelele 'Ruka!' Tulipokuwa hewani nikaziona bendera, moja huku, moja huku. Nikamwona Anko Ndosi katikati. Alikuwa anatutazama."

Lwandle alimvuta mama yake gauni. "Mama, amesema Baba aliwatazama." MaShozi akamwitikia kwa kichwa.

Hayo tuliyasikia sisi tuliokuwa kwenye duara. Ufukwe haukuyasikia. Spika zilikuwa zimeshazimwa, tangu MaShozi alipomtaja mtoto! Watu waliokaa chini ya miavuli waliona mwanamke wa gauni la manjano akisogeza midomo, basi. Kisha muziki ukafunguliwa, injini zikawashwa, wakaenda kushindana. Kombe lenye jina lako tuliliacha pale pale mchangani, na hatujui nani aliliokota wala hatuulizi.

Basi tunaandika hapa, ambapo hakuna wa kutuzimia spika. Hatutaki kombe. Tunataka Bwana Lourens arudi kwenye redio ile ile, aseme kwamba Ndosi hakuvuka bendera, na akitaka aseme kwa sauti ya huzuni, safari hii itamfaa. Tunataka bango lishushwe, au lirudishiwe bendera zake na jina la aliyepiga picha. Tunaamini yatafanyika. MaShozi ana kawaida ya kuamini, unamjua, na mara hii nasi tunaamini pamoja naye, kwa sababu Jumatatu kulitokea jambo.

Kerisha alikuja nyumbani, peke yake, akavua viatu mlangoni. Alimweleza MaNgcobo kila kitu upya, bila kujitetea, kisha akaenda na MaShozi kituo cha polisi akayasema huko pia. Dewald ameshapata mwenzake mwingine wa mbele. Waliporudi, Kerisha aliaga, kisha akageuka kwenye ngazi.

"Anti, mkiandika tangazo la Anko, naomba na jina langu liwemo. Pale mnapowataja wanaomkumbuka."

"Hapo ni mahali pa watu wake," MaNgcobo akajibu kutoka ndani.

"Najua, Bibi."

"Unajua, halafu unaomba?"

"Ndiyo, Bibi."

Mama yako alikataa siku ile. Akakataa tena kesho yake, akimenya viazi kama ana kesi navyo. Jana alimkuta MaShozi mezani anaandika haya, akasimama nyuma ya kiti chake, akasoma mpaka mwisho, akavuta pumzi.

"Liweke," alisema. "Liweke la mwisho. Na liandike lote, asije mtu akasema ni Kerisha mwingine."

Unakumbukwa na mama yako, MaNgcobo. Mke wako, Nonjabulo. Binti yako, Lwandle. Kaka yako Bhekani na dada yako Zinhle. Ukoo wote wa kina Cele na wa kina Shozi. Na Kerisha Moodley, aliyekuwa mbele kwenye boti.

Siku zote za maisha yetu, Ndosi, hutatutoka.