Damu Yangu Mwenyewe

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa kwenye kiti chako cha dirishani, mguu umeuweka juu ya kigoda kama ulivyoagizwa, wala si jikoni ukimfundisha wifi kazi anayoijua. Goti linaendeleaje? Wajukuu wamepona mafua? Kaka aliniambia kwamba siku hizi unatembea hadi getini bila fimbo, nikafurahi. Kisha akaongeza kwamba fimbo yenyewe unaisahau makusudi, nikacheka peke yangu. Mimi sijambo kabisa. Kichwa ndicho kilichokuwa na habari nyingi, na sasa kimetulia.

Uliniagiza nikuandikie, nisipige simu, kwa kuwa mtandao wa huko unakula maneno. Uliuliza jambo moja tu: ile plazma ambayo daktari alipendekeza kuniongezea juu ya kupandikizwa nywele, ilikuwa na maana yoyote au ilikuwa mbwembwe? Wateja wameondoka, nimefagia saluni, nakujibu kwa kituo.

Kisa cha nywele zangu unakijua. Kujisuka kwa kubana miaka nenda miaka rudi, na mawigi ya gundi juu yake, mpaka nywele za mbele zikarudi nyuma na paji la uso likakosa mpaka. Msusi asiye na nywele ni kichekesho, Mama. Nilijifunga vitambaa vya kila rangi hadi wateja wakadhani ni mtindo, na wengine wakaniomba niwafunge vivyo hivyo. Unajua pia neno alilolisema Dada tulipokuwa bado saluni moja, kwamba nani atamkabidhi kichwa chake mtu ambaye nywele zake mwenyewe zimemkimbia. Alikuwa anatania. Watu walicheka, hata mteja niliyekuwa nimemshika kichwa. Nilimaliza msuko ule, nikakusanya vitana vyangu, nikahamia chumba cha ng'ambo ya barabara. Tangu hapo tulibaki kutazamana kupitia vioo vya madirisha. Akiishiwa rasta za kusukia alimtuma mteja kwangu, nami vilevile, na wateja ndio waliobeba salamu zetu kama zilikuwapo. Najua jambo hilo lilikukosesha usingizi kuliko goti.

Daktari nimempa jina la Bwana Shamba, maana kila asemalo ni kupanda, kuatika na kumwagilia. Kliniki yake iko ghorofani, juu ya duka la mapazia. Ni mtu mkweli. Alinimulika kichwa, akavuta nywele za kisogoni, akasema hizo ni imara na ndizo atakazozihamishia mbele. Kuhusu plazma nilimuuliza bila kuzungukazunguka. Alinieleza kwamba huchota damu kidogo mkononi, huizungusha kwenye mashine mpaka ijitenge, nyekundu chini na ya manjano juu, kisha hiyo ya manjano huichoma kichwani kwa sindano ndogondogo. Alisema ni mbolea tu, mbegu ni zile nywele zenyewe. Wapo ambao huonekana kupona haraka na nywele zao nyembamba kunenepa, na wapo ambao hawaoni tofauti yoyote. Wataalamu wenyewe bado wanabishana. Pale ambapo ngozi imebaki kovu tupu haioteshi kitu, na hata bila hiyo alitarajia nywele atakazozipanda zishike. Akaniachia niamue mwenyewe.

Ndipo nilipokupigia simu, kwa sababu nilikuwa njia panda. Nilikwambia kwamba daktari atatumia damu yangu mwenyewe. Ukaniambia nirudie, nikarudia. Ukaguna, ukauliza mahali, siku na saa, ukasema nenda mwanangu, usiogope.

Siku yenyewe nilikuwa chumba cha ndani, kitambaa nimekivua, Bwana Shamba ameshanichora mistari ya kalamu kichwani kama fundi anayetaka kukata suruali, mara nikasikia kelele mapokezi. Sauti ile ningeitambua hata nikiwa usingizini. Nilitoka kama nilivyo. Dada alikuwa amekaa mbele ya muuguzi, mkono wa blauzi ameukunja hadi begani, anamhimiza amchome upesi kabla hajabadili mawazo. Dada huyuhuyu, Mama, aliyekuwa akijificha chini ya kitanda kila ulipotaka kutupeleka kazini kwako tukachanjwe.

Muuguzi alikuwa akimweleza taratibu kwamba hapo hawachukui damu ya mtu mwingine. Dada akamjibu kwamba yeye si mtu mwingine. Muuguzi akasema inayotakiwa ni damu ya mgonjwa mwenyewe. Dada akasema ndivyo alivyoambiwa, kwamba mdogo wake anahitaji damu yake mwenyewe, na kama damu yake si yeye aliyetoka naye tumbo moja, basi aonyeshwe ni nani. Watu waliokuwa wakisubiri walianza kucheka. Muuguzi naye alishindwa kujizuia.

Kisha akageuka akaniona. Hakuwa amewahi kuniona kichwa wazi tangu nilipoondoka kwake. Akaziba mdomo, nami nikajiandaa kwa kicheko. Hakucheka, Mama. Alilia, akaniuliza kama ninakufa na kwa nini sikumwambia. Nilimweleza kwamba ni nywele tu. Halafu akaniomba radhi palepale, kwa sauti, mbele ya watu, akisema kwamba lile neno alilitamka mbele ya watu na hataki kulifuta kwa kunong'ona. Nami nililia. Kalamu ya Bwana Shamba ikanichuruzika hadi shavuni, ikabidi anichore upya.

Plazma niliikubali, kwa maana baada ya mkasa ule ingekuwa kama Dada amekuja bure. Alinishika mkono wakati wananitoa damu. Aliyezimia ni yeye. Alipoona tu mrija unajaa alilegea, wakamlaza kitanda cha pili, tukawa wagonjwa wawili.

Sasa jibu lako. Nywele zilizopandwa zilipukutika kwanza, kama nilivyoonywa, na kila asubuhi Dada alivuka barabara kuja kunikagua na kunituliza. Baadaye zikachipua. Sasa naweza kuzishika kwa vidole, na vitambaa nimewagawia wateja. Dada anaapa kwamba ni plazma. Bwana Shamba anasema hawezi kuapa, na mimi namwamini Bwana Shamba. Mtu akiniuliza nitamwambia kwamba kupandikiza ndiko kulikonipa nywele, na hiyo nyingine asijinyime kitu kwa ajili yake.

Ila kuna jambo, Mama. Juzi nilimuuliza Dada ni nani aliyempa habari. Akasema ni wewe. Ulimwambia kwamba mdogo wake anahitaji damu yake mwenyewe, ukamtajia mahali, siku na saa, simu ikakatika. Tukalaumu mtandao, tukacheka. Usiku nikakumbuka kwamba siku ile simu ilikuwa safi, hata maji ya wifi akiosha vyombo niliyasikia. Nikakumbuka tena kwamba wewe umefanya kazi maabara ya hospitali mpaka ukastaafu. Mirija ile na mashine ile ndivyo vilivyotusomesha. Hiyo ya manjano unaijua kuliko Bwana Shamba, na neno langu ulilisikia barabara, mara mbili. Ulilipeleka kwa Dada kama lilivyo, hukuongeza wala hukupunguza, ukijua atakavyolielewa.

Kwa hiyo najua hukuuliza swali hili kwa kukosa jibu lake. Ulitaka ulione limeandikwa. Basi naliandika: damu ile imefaa, Mama. Imefaa kupita kiasi, na sina la kukulipa.

Tumsalimie nani zaidi? Kaka, wifi, na wajukuu mmoja mmoja. Fimbo usiisahau. Tutakuja kukuona likizo hii, na saluni tutaifunga kwa kufuli moja, maana tumekubaliana chumba cha ng'ambo hakina kazi tena na nimerudisha vitana vyangu kwa Dada. Dada amesimama nyuma yangu anasoma kila mstari, anasema nifute pale alipozimia. Sifuti.

Ni sisi, damu yako mwenyewe,

Kitinda na Dada