Ramani ya Baba Ilikuwa na Nyota Juu

Soweto, Mbeya
7 Novemba 2024

Mpendwa Dada Anjela,

Shikamoo. Joto la Mtwara mnalivumiliaje, na goti limepoa? Sisi wazima, ila baridi imetushika masikio. Mke wangu Frida anakuulizia kila siku.

Dada, nina la kuungama, na kwa simu nimeshindwa. Baada ya matanga ya Baba nilikusomea ramani aliyochora kutugawia shamba la Rujewa. Nyota ya juu ni wewe, duara la chini ni mimi. Nikakwambia chako ni kipande cha mkiani, maji yanakofika yamebaki kidogo. Ukajibu, "Sawa." Ile sawa yako haijawahi kunitoka kichwani.

Lakini ramani ile, jamani! Mimi mwalimu wa Jiografia nasalimu amri. Ina jina, ina fremu ya rula, ina ufunguo: mstari wa bluu mfereji, vimraba majaruba ya mpunga. Ina hata kipimio, upana wa kidole kwa hatua hamsini. Na mzee aliishia darasa la nne! Ramani za kontua na za takwimu ninazobandika darasani hazijawahi kunipa raha hiyo. Ilikosa dira tu, nami nikajijibu haraka haraka kwamba juu ni kaskazini.

Juzi Shangazi Apolonia alitutembelea, maana Jumatatu tunakwenda kuandikisha shamba. Nikamwonyesha ramani kwa majivuno. Akaigeuza juu chini, akacheka mpaka akajifuta machozi. "We Amos, ulisomea wapi? Kwetu juu ni maji yanakotoka!"

Nikaitazama upya. Maji yetu yanashuka kutoka milimani, kusini. Baba alianza kuchora pale alipokuwa akifungulia mfereji kila alfajiri, na nyota akaiweka pale pale. Kipande cha kwanza kwenye maji ni chako, Dada. Nimekilima misimu miwili nikijisifia mpunga wako. Nisamehe.

Jumatatu kinaandikwa jina lako, na Shangazi ndiye shahidi. Mama yule hajui kontua ni nini, ila kusoma ramani nimemvulia kofia.

Nakutumia nakala. Nimeongeza mshale mmoja wa kaskazini, chini kabisa ya karatasi. Utaona nyota yako Baba kaikoleza mara mbili, duara langu mara moja. Sina wivu. Ninao kidogo.

Wasalimie Shemeji Sosthenes na mwanao Esta. Mungu aliyempa Baba mkono ule awatunze.

Mdogo wako akupendaye, aliyeishika ramani kichwa chini,
Amos