Tulikwenda Padova Kumwona Gaspare Akihitimu

Nyuma ya Kanisa la Mtakatifu Emidio,
Agnone.
12 Novemba 2013

Mpendwa dada Carmelina,

Pokea salamu za nyumbani. Goti lako linaendeleaje tangu operesheni? Na shemeji Rocco, amepunguza sigara kama alivyomwahidi daktari, au anavuta kwa siri gerejini ukilala? Huku baridi imeingia mapema, na kuni tumekwisha kupasua. Sisi ni wazima wa mwili, tunamshukuru Mungu. Nasema wa mwili.

Umeniuliza mara mbili picha za mahafali ziko wapi, na mara zote mbili nimekukwepa. Najua umenihisi, maana wewe ndiye uliyenilea. Kwenye simu siwezi, kwa sababu Gaspare yuko chumba cha pili na anasikia kila neno. Dada, picha hakuna. Mahafali hayakuwapo. Kaa chini, usome polepole.

Tuliondoka mapema kabla ya siku yenyewe, Alhamisi, kwa sababu Donato alitaka tutembee kama watu. Unamjua shemeji yako, tangu tuoane hajawahi kuyaacha maziwa na jibini zake zaidi ya siku moja. Safari hii alimwachia binamu yake funguo, akavaa koti lile alilovaa kwenye harusi ya Silvana wenu, akaniambia, "Ersilia, mke wangu, tunakwenda kuwa watalii!" Njiani kote kwenye treni alimsimulia kila aliyekaa karibu kwamba mwanawe anakuwa injinia.

Gaspare alitupokea stesheni, akatupeleka kwenye hoteli ndogo. Alikuwa amekonda. Usiku ule alikula vijiko viwili, nami nikasema moyoni ni woga wa mtihani. Asubuhi akatuambia ana kazi na profesa wake, sisi tukauone mji.

Tukauona. Tulizunguka ule uwanja mkubwa wa sanamu, Donato akizisalimia moja moja kama wazee wa baa ya kwetu. Tukaingia kwa Mtakatifu Antoni, nikapanga foleni na wenzangu, nikaweka kiganja juu ya kaburi lake la marumaru. Watu humwomba vitu vilivyopotea. Mimi sikuomba chochote, dada, nilishukuru tu. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo.

Barabarani tulikutana na wahitimu wamevikwa mashada ya majani, rafiki zao wakiwaimbia matusi na kuwamwagia unga na mayai, ndiyo desturi ya huko. Donato alicheka mpaka akashika ukuta. "Alhamisi na wetu watamfanya keki!"

Mchana tukajiunga na wageni wanaotembezwa kwenye jengo la kale la chuo kikuu. Kuna chumba cha mbao, cha mviringo, kama faneli, ambamo zamani walikuwa wakipasua maiti mbele ya wanafunzi. Donato akaninong'oneza, "Usizimie humu, watakufungua." Tulipotoka, akamsogelea yule binti aliyekuwa akitutembeza, akamwambia kwa sauti yake ya mnadani, "Mwanangu anatetea tasnifu hapa Alhamisi. Injinia!"

Yule binti akatabasamu, kisha tabasamu likasita. "Wahandisi hawatetei hapa, baba. Na kundi lao lilimaliza Septemba."

"Labda la kwako, binti. La mwanangu ni Alhamisi."

"Inawezekana nimekosea," alisema taratibu, lakini alinitazama mimi, si yeye. Dada, nilijua palepale.  Donato aliendelea kubisha, wageni wakigeuka kutuangalia, mpaka nikamvuta kwa mkono.

Simu ya Gaspare ilikuwa imezimwa. Tukaenda nyumbani kwake, ile nyumba tulikokuwa tukituma vifurushi vya soseji. Akafungua kijana mmoja, Tiziano, mwenzake wa nyumba tuliyekuwa tukimsikia kwenye simu. Alipotuona uso ulimbadilika. "Gaspare alihama tangu Pasaka, mama. Anapakua mboga kwenye soko la jumla. Vifurushi vyenu huja kuvichukua hapa." Nikamuuliza na masomo je. Akainamisha kichwa. "Mitihani aliiacha mwaka juzi. Nilidhani mnajua."

Donato alianza kufoka pale ngazini, kwamba amedanganywa, kwamba amegeuzwa kichekesho. Mimi sikumsikia. Nilikuwa nikimwaza yule kijana wa Isernia, mtoto wa mwalimu, ambaye wazazi wake walikwisha kualika watu kwenye sherehe ya digrii isiyokuwapo, wakaja kumkuta chini ya daraja. Nikamwambia mume wangu, "Nyamaza, Donato. Mtoto amezima simu, na mji huu una mito." Hapo ndipo naye alipoelewa. Sijawahi kumwona uso ule, hata siku alipomzika mama yake.

Tulikimbia, dada, wazee sisi. Tulipita tena kwenye sanamu zilezile, kanisa lilelile, bila kuona kitu. Katikati ya soko la matunda Donato alisimama akaita "Gaspare!" kwa nguvu zake zote, na wauzaji wakaiacha mizani yao.

Nikakaa kwenye ngazi za duka nikamwandikia ujumbe. Donato alitaka niandike aje ajieleze. Nilikataa. Niliandika: "Tumeshajua. Njoo tule." Nikaushika mkono wa baba yake, tukangoja. Jua lilikuwa limeanza kuinama jibu lilipokuja: yuko daraja la kinu, lile la matao, na tusije.

Tulikwenda. Alikuwa amekaa ukingoni, miguu ikining'inia upande wa maji. Nilitaka kumrukia, Donato akanizuia. Akaenda yeye, polepole, na koti lake la harusi, akaketi kando yake, naye akaning'iniza miguu. Mtu yule anayeogopa hata kupanda ngazi ya kuchumia zeituni!

"Ungeniambia," alisema.

"Kila ukipiga simu ulisema, 'Hujambo, Injinia.' Hukuniita jina langu hata siku moja, Baba. Nilishindwa kukwambia huyo mtu hayupo."

Donato alinyoosha mkono. Alimshika ukosi wa shati kwa nyuma, kama anavyoshika ndama, na hakuuachia mpaka wote wawili walipogeuza miguu upande wa barabara. Hapo ndipo nilipolia.

Sasa yuko nyumbani. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, nasi tumeponea chupuchupu. Kila wiki nampeleka Campobasso kwa daktari mmoja mama, mpole, anayejua kungoja. Siku nyingine Gaspare huamka akamsaidia baba yake kutengeneza jibini. Nyingine haamki kabisa. Donato baani anapongezwa, na bado hujibu "asante." Hana nguvu za kuwaambia, wala mimi simsukumi. Anakula kidogo, na jina la mtoto analitaja mara nyingi, hata pasipo haja.

Nakuomba usimpigie Gaspare kumwuliza kwa nini. Mpigie umsimulie habari za theluji ya huko kwenu.

Jana baada ya chakula alijilaza, nami nikausukuma mlango wake kidogo, kama ninavyofanya kila mara, nione blanketi linapanda na kushuka. Hakuwa amelala.

"Mama, unanichunga?"

Nilitaka kusema natafuta sindano. Nikasema, "Ndiyo."

Akageukia ukutani. Nikadhani amekasirika. Kisha akasema, "Basi usiufunge mlango."

Nisalimie shemeji Rocco, Silvana na mumewe, na yule mtoto wao mdogo aliyeota meno. Donato anakusalimu, ingawa hajui nimekuandikia. Mungu awafunike nyote huko ugenini, na atuweke hai mpaka tukae tena meza moja.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye daima,
Ersilia