Viti Vilivyoota Manyoya

Ijumaa, 20 Desemba 1968

Nimecheka mpaka mbavu zinauma, na keshokutwa watu wa Kombewa wanakuja kumposa Atieno wetu!

Kosa ni langu. Asubuhi nilisugua veranda, nikaona viti vya nje vimechakaa. Nikavipaka rangi ya kijani, vyote vinane, nikavipanga uani vikauke.

"Mama Atieno, ingiza viti," mume wangu akaniambia jioni. "Ziwa linatoa moshi."

Nikamjibu moshi huo wa wadudu unaelekea upande wa Dunga. Mimi, mzaliwa wa hapa, kukosea hivyo! Kabla chai haijachemka, wale wadudu wadogo wa ziwani walitufikia, wingu zima, wakanasa kwenye rangi mbichi. Viti vikaota manyoya. Baba Atieno akavikagua, mikono nyuma kama daktari. "Hiki bado kinapumua," akasema.

Tukaangua kicheko, lakini moyoni niliogopa. Wageni watatuonaje?

Hapo Atieno akatoka na sanduku la vitambaa vyeupe, vile anavyofuma tangu shule kwa ajili ya nyumba yake mwenyewe.

"Rangi ikikauka tutavifunika, Mama. Mgongo, mikono, mpaka pa kukalia. Nani hapa Kisumu ashawahi kuona rangi ya kiti cha mgeni?"

Kweli! Siku nzima nimepaka kitu ambacho hakuna atakayekiona. Nimecheka tena.

Wageni wakishaondoka, nitamsaidia Atieno kuvikunja vitambaa vyake na kuvirudisha sandukuni, vingoje nyumba yake. Ila nitakunja polepole. Polepole sana.