Jana Mutoto Alikula Mara Ngapi

Jumatatu, 6 Oktoba

Leo wageni walikuja kanisani. Lile kanisa la ng'ambo lenye kututumia unga wa uji limetuma watu wapime kama uji unasaidia watoto. Nilimuvalisha Cyiza nguo yake ya Noeli. Miaka miwili na miezi mitatu, na mashavu yamejaa! Mwaka jana vidole vyangu viwili vilizunguka mukono wake na nafasi ikabaki.

Mwenye kuniuliza anaitwa Belise. Binti mupole, alikulia Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka mpaka nikaona haya na changu cha Goma. Maswali mengi. Maji tunateka wapi. Mutoto aliugua lini. Jana alikula mara ngapi. Nikasema mara moja, mangaribi, viazi na maharagwe. Akaandika. Nafikiri nilijibu vizuri.

Alhamisi, 16 Oktoba

Cyiza amejifunza kushika kikombe peke yake. Uji mpaka kwenye nyusi. Nilicheka, nikamulamba kama ng'ombe na ndama.

Jumapili, 26 Oktoba

Sijui nianzie wapi. Kiisha ibada Pasteur Nkusi alituita wamama wote, karatasi mukononi. Majibu yamerudi kutoka ng'ambo. Watoto wetu wanakula mara moja kwa siku, sawa na mbele ya uji kuanza. Donc, basi, kule wanauliza: kama hakuna kilichobadilika, kwa nini kuendelea? Kuanzia kesho sufuria ya uji inapumzika mpaka wakate shauri.

Jirani yangu Mama Nadra — yeye ni Mwislamu, lakini watoto wake wanakunywa uji pale pale kanisani — akaniuliza we ulisema ngapi. Moja. Yeye pia moja. Wote moja.

Akaanza kucheka, cheko mubaya. "Mama Cyiza, uji tumeuua kwa mudomo wetu. Ni nani alituuliza watoto wanakunywa mara ngapi?"

Kumbe! Waliuliza kula. Uji nani anakula? Uji ni wa kunywa. Asubuhi kikombe, saa kumi kikombe, kila siku ya Mungu, na hakuna aliyeutaja.

Tulimufuata Pasteur, tukamueleza. Alikaa kwenye benchi, akashika kichwa. Na yeye alikuwa amejibu moja, kwa wajukuu wake. Atapiga simu.

Alhamisi, 30 Oktoba

Siku ya ine bila uji. Cyiza ananiletea kikombe kikavu, namuwekea maji ya sukari, ananitazama tu.

Belise amerudi! Iko kwangu sasa, kwenye kiti. Ameomba musamaha kwa lile neno. Kwenye karatasi mupya wameandika kula ao kunywa. Anataka kuanza na mimi.

Lakini swali ni lile lile: jana. Na jana hakukuwa uji. Jana ni mara moja, kweli kabisa. Nikisema tatu nimedanganya watu wa kanisa. Nikisema moja, sufuria inalala moja kwa moja. Nilimuuliza kama tunaweza kuweka wiki iliyopita. Akanionyesha karatasi. "Mama, karatasi inajua jana tu."

Nimesema naangalia moto. Naandika haya nimesimama jikoni. Nasikia anamuchezesha Cyiza, Cyiza anacheka.

Ananiita, kalamu iko tayari. Nakwenda. Nitasema moja. Lakini kwanza nitamushika mukono, asiandike mpaka nimalize kusema kwa nini jana ni moja —